Kofia Isiyo na Uzi

Asubuhi ile, kijiweni kwa Maua, muuza kahawa wetu pale Ng'ambo, kahawa ilikuwa haijazunguka hata mara moja Nasri alipoinua simu juu kama refa anayetoa kadi. Nasri tunamwita Redio, maana hazimwi.

"Sikilizeni! Eti siku hizi ukurasa wa mtandao unakuvalisha. Unafungua, kamera inakutazama, unajiona umevaa. Viatu, miwani, hata gauni la harusi! Hupakui programu wala nini!"

"Acha zako," akasema Shomari, mshona kofia, bila kuinua macho kwenye sindano. "Nguo ya kweli yenyewe hainikai, itakuwa ya hewani?"

Mpwa wake Lukumani akaguna. Huyu kasomea ubunifu Dar, akarudi na maneno ambayo hata mabasi hayajayafikisha huku. Tunamwita Engo, maana kila kitu hukitafutia engo ya kupigia picha.

"Mjomba, mbona nimeshakutengenezea? Ukurasa wako uko hewani tangu jana. Kofia zako nimezipiga picha pande zote. Mtu akiwa Urambo, akiwa Maskati, anaivaa papo hapo."

Sindano ikasimama. "Kofia zangu zinavaliwa na mimi sina habari?"

"Ndiyo maana ya chapa, mjomba. Siku hizi huuzi kofia, unauza hisia."

"Na hisia nizitarizi kwa uzi gani?"

Tukacheka, lakini kicheko cha Shomari kilikuwa kifupi. Tangu kofia za kiwandani zijae sokoni, akimaliza moja anakaa nayo kama anauguza mgonjwa.

"Leteni kichwa tujaribu!" akasema Engo.

Vichwa vyote vikarudi nyuma isipokuwa kimoja kisichofichika: cha Masolwa, dalali wa ng'ombe kutoka Igunga, tunayemwita Tani Mbili. Masolwa hunywa kahawa ya kumkesheza tembo, na sababu tunaijua. Maua ni mjane, mcheshi, na kila Masolwa akifungua mdomo amwambie neno la moyoni, linatoka neno moja tu: ongeza.

Engo akalenga simu. Kofia ikatua juu ya birika.

"Oyaa! Birika linaenda kuposa!" Redio akapiga kelele.

"Inajifunza," akasema Engo, akifuta jasho. Simu ilikuwa imepata moto kama pasi ya mkaa. Akalenga tena, na safari hii ikamkaa Masolwa barabara: kofia nyeupe, nakshi za kahawia, imetulia kama imezaliwa naye.

Tukajazana kwenye simu. Hata Shomari alisogea kuchungulia.

"Geuka kushoto," Engo akaamuru. "Mnaona? Inamfuata."

"Kama dume linalokaguliwa mnadani," akasema Redio.

Masolwa hakumsikia. Alikuwa anajitazama. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe ulivyokusudiwa."

Akaomba picha. Hakungoja hata kikombe kipoe, akairusha kwenye stetasi. Muda si muda simu yake ikaita. Kwa kupapatika akabonyeza spika, kijiwe kizima tukawa wageni wa mama yake.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mwanangu, dada yako Kashindye kanionyesha picha. Umetakata! Nani anakutunza huko?"

"Hakuna, mayu."

"Usinidanganye, nimekulea mimi. Peke yako hata kola huwezi kuinyoosha. Na hapo nyuma namwona mwanamke ameshika birika, anakutazama. Ndiye?"

Sote tukamgeukia Maua. Masolwa akafungua mdomo. Shingo ilimvimba, midomo ikacheza, tukavuta pumzi kumsaidia.

"Maua," akasema, "ongeza kahawa."

Redio alijipiga kofi la uso. Maua akaweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga, akamnyang'anya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe?"

"Mama, nikwambie ukweli. Kofia hiyo ni ya simu, haipo. Mwanao ana kichwa kitupu."

Upande wa pili kicheko kikalipuka. "Hilo nalijua tangu anatambaa! Na wewe je, nawe ni wa simu?"

Maua akamtazama Masolwa, ambaye alikuwa anatafuta pa kuficha tani zake zote mbili.

"Hapana, mama. Mimi nipo."

Akazima spika, akasogea ukutani na simu, akatuacha na makaa.

"Mmeona?" Engo akaruka. "Hiyo ndiyo tunaita safari ya mteja!"

"Mteja gani, na kofia bado iko mapajani mwangu?" akauliza Shomari.

"Nipe hiyo hiyo," Masolwa akasema kwa sauti ndogo. "Ya kweli."

Shomari akamvika. Ikakaa utosini kama kifuniko cha chupa juu ya pipa. Mzee akaitoa taratibu, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza mwezi ule tukaona meno yake.

"Hiki hakina saizi kiwandani. Hiki ni cha kushonewa."

Maua akarudi, akampa Masolwa simu yake.

"Mama anakuja Jumamosi, na shangazi zako. Malizeni vikombe, leo nafunga mapema."

Masolwa akasimama, akakaa, akasimama tena. "Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo sogea, nifagie."

Tukaanza kutawanyika. Redio akatia simu mfukoni. Shomari akakunja kitambaa chake, akatikisa kichwa.

"Jamani, mwenzetu anaoa hata kutongoza hajaanza."