Vifungo Ishirini vya Baba

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya sita tangu Baba apatwe na kiharusi, akaangukia cherehani yake. Mkono wa kulia umegoma. Daktari wa mazoezi ametukabidhi kazi sisi watoto: vifungo ishirini, kimoja kimoja, kutoka bakuli hadi kopo, kwa mkono mgonjwa tu. Mkono mzima uvishwe soksi usiingilie. Idadi iandikwe. Dada zamu ya asubuhi, mimi jioni. Leo Dada: vitano. Mimi: vitatu. Aibu!

Jumatano, 6 Machi
Baba alilia kwenye kifungo cha pili. Mtu aliyeshona sare za shule nzima! Roho iliniuma, nikamvua soksi. Vyote ishirini koponi kwa dakika moja. Nikaandika: ishirini. Dada alipoona karatasi alinuna. Raha iliyoje.

Ijumaa, 8 Machi
Ishirini tena. Dada amekwama kwenye sita. Nikamweleza kwamba kufundisha ni kipaji. Baba alitazama ukutani.

Jumatatu, 11 Machi
Kliniki. Daktari kasoma karatasi, kampongeza Baba, akasema sasa aje mara moja tu kwa mwezi. Kisha akampa mkasi akate kitambaa. Ukaanguka. Akapewa tena. Ukaanguka. Dada akanigeukia. Mimi nikasoma mara tatu tangazo la kunawa mikono.

Nikakiri. Ratiba ya zamani imerudishwa, lakini daktari alisema miezi hii ya mwanzo ni ya thamani, na wiki nzima tumeitupa. Nimeitupa mimi.

Nyumbani Baba alisema taratibu, "Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi, mwanangu. Lakini mkono ni wangu. Niache nihangaike nao."

Nililia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumanne, 12 Machi
Soksi imevaliwa. Nilikalia mikono yangu isimsaidie. Vifungo vinne, dakika arobaini! Cha nne kilipoingia Baba alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Iliniuma kuliko kilio chake. Nimeapa: sidanganyi tena, wala simrahisishii chochote.

Baadaye nilipitia dukani. Nimenunua vifungo vya makoti, vikubwa, vinashikika vizuri. Kesho nitavichanganya na vile vidogo. Baba ameshona kwa miaka arobaini tu, hatagundua.