Mashine Inayokata Chuma Kikiwa Baridi

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote. Mimi ni fundi tupa wako, mwaka wa thelathini na moja sasa kazini, yule wa meza ya dirishani, ninayesafisha vijibomba vya wavu vinavyotiwa kwenye mishipa ya moyo iliyobana. Naandika kwa uchungu kuhusu mashine mpya ya leza na mwendeshaji wake, ambaye, kwa bahati mbaya, ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe.

1. Mashine haina adabu ya kazi. Mwanga wake hupiga na kukoma upesi mno, hata chuma hakiwahi kupata joto. Kinakatwa hakina habari! Tupa yangu ikipita, jengo zima linajua kuna mtu kazini.

2. Binti huyo hushinda asubuhi nzima hajagusa chuma. Eti anaunda mwanga. Nimemwona kwa macho yangu: nukta anaigeuza pete, pete anaifanya sindano ndefu, kisha anaigawa mara tisa ili itoboe matundu tisa kwa mpigo. Nilimshikisha tupa akiwa na miaka kumi. Mambo ya kuchezea mwanga hakuyatoa kwangu.

3. Vijibomba vyake vinatoka laini, bila kijimwiba hata kimoja cha chuma pembeni. Nami nimeajiriwa kuondoa vijimwiba. Kwa hiyo anayeharibu kazi ni nani?

4. Jumatatu alikitazama kijibomba changu kwa hadubini. Kisha akachukua miwani yangu, akanifutia. Ndugu Meneja, kule kufutiwa miwani kuliniuma kuliko tusi.

Hivyo naomba mashine iuzwe. Ikishindikana, ipunguzwe kasi ilingane na mkono wangu. Hilo nalo likishindikana, binti aamriwe kuacha vijimwiba kumi kila siku, kwa makusudi, ili baba yake apate cha kufanya.

Nisalimie mama wa stoo, mlinzi wa getini na wote wa chumba cha kufungashia. Mashine usiisalimie.

Wako mtiifu, tupa mkononi,
Fundi wa Dirishani

N.B. Jana daktari alinipima. Mshipa wangu mmoja wa moyo umebana, na Alhamisi nitawekewa kijibomba cha kiwandani kwetu. Tafadhali sana, kisitoke kwenye trei yangu. Mwambie mwanangu aunde mwanga taratibu, achukue asubuhi nzima, hata mbili. Na vile vijimwiba kumi, asithubutu kuacha hata kimoja.