Nirudishieni Rovu la Mke Wangu

Mji wa Kale, Mombasa
Shaabani, mwaka 1947

Kwa jenabu shemeji yangu Zein, karani wa gati ya Mbaraki,

Baada ya salamu nyingi na kukujulia hali, nakuarifu kuwa nyumbani kwangu sote tu wazima, na uzima huo ndio ninaokuja kuushtaki kwako. Ningekuja mwenyewe, lakini wewe ukinisikia nikilalamika hucheka. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwaandikia watu mashtaka, nimeketi barazani hapa nje niliandike na langu kwa utaratibu.

Mshtakiwa ni Bwana Lin, yule Mchina mpishi wa meli iliyoharibika mtambo hapo gatini kwako. Ni wewe uliyemleta kwangu na kibweta chake cha sindano, ukasema kwao watu hutibiwa hivyo tangu enzi na enzi. Dada yako Mwanatumu alikuwa na rovu shingoni. Rovu lenyewe lilikuwa limetulia kwa heshima zake, halimsumbui mtu isipokuwa mwenye shingo.

Shtaka la kwanza. Sikuulizwa. Nilirudi kutoka msikitini nikamkuta mke wangu amekaa kitini, shingo imejaa sindano kama mto wa fundi cherehani. Nilipofungua mdomo aliniinulia kidole ninyamaze, nisije nikamtikisa. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Zein, nikatafuta kigoda nikaketi kama mtu aliyekuja kuposa.

La pili. Sauti. Miaka yote hiyo rovu lilimkaba koo, akawa anazungumza chini chini, nami nikadhani ni adabu. Hapa barazani nilijisifu mpaka watu wakachoka kunisikiliza. Tukibishana nilishinda mimi, maana yeye pumzi ilimwishia kabla ya hoja. Sasa hoja zimerudi, pamoja na zile za miaka ya nyuma ambazo mimi nilizihesabu zimekwisha. Juzi nilikuwa narudi na samaki mkononi, akafungua dirisha la juu, akapaza sauti: "Sheikhan! Nguru huyo yuwanuka! Hata paka hamtaki! Kamrejeshe kwa mwenyewe!" Aliyeniuzia alisikia. Mtaa ulisikia. Mzee Aidarus, ambaye hata adhana haisikii, alisikia na akanipa pole.

La tatu. Mkufu wa marehemu mama yenu. Zamani kifungo chake hakikufika, akiufunga kwa uzi na kuufunika kwa mtandio, na harusini akiona haya kwenda. Ijumaa iliyopita kifungo kilifunga. Akasimama mbele ya kioo akakifungua, akakifunga tena, akakifungua. Tangu siku hiyo, na mwezi huu unavyojua wewe ulivyo na harusi, hakuna harusi Bondeni inayochezwa bila yeye. Huimba yeye, wenzake wakampigia vigelegele, nami hubaki nyumbani na muhogo wa jana.

La nne linahusu sheria, na hili lisome mara mbili. Nimemwona kwa macho yangu Bwana Lin akidunga sindano mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, eti anatibu shingo. Mkononi! Tukikubali maradhi ya shingo yatibiwe mkononi, kesho fundi ataitwa kuziba dari inayovuja, naye azibe mlango. Kesho kutwa Kamaludin muuza halua atampiga jirani yake huko Bondeni, na askari watakuja kumkamata karani wa Mbaraki. Siku hiyo usije kunililia mimi.

La tano ndilo zito. Daktari wa hospitali alisema dawa ni kisu tu. Alisema na mengine, akaniambia mimi peke yangu, nami sikumwambia Mwanatumu. Nilishampa makombe ya aya anywe, nilishasoma kila dua ninayoijua, nikabaki na hofu ya kumkosa. Hofu ile niliizoea, Zein. Nilikula nayo nikalala nayo. Sasa anakuja mpishi, mtu wa kukata vitunguu, ananiondolea bila idhini yangu, na mahali ilipokuwa sijui niweke nini.

Kwa hayo yote naomba Bwana Lin arudishwe melini, asionekane tena kisiwani. Naomba rovu lirejeshwe, na ikiwa lote halipatikani, hata nusu nitapokea. Sauti, ikiwa lazima ibaki, iwe ya kutumika ndani tu, madirisha yakiwa yamefungwa.

Nisalimie mkeo Swabaha, na watoto, na Crispus mnayekaa naye meza moja ofisini, na kila anayeniulizia hapo gatini, isipokuwa mpishi.

Ni mimi shemeji yako, niliyedhulumiwa kwa kutendewa wema,

Sheikhan

Nyongeza. Nilipokuwa nakunja barua hii amepita Levi, fundi wa mitambo wa meli ile ile, akasema imetengenea na itaondoka Jumatano. Zein, haiwezekani! Rovu limepungua upande wa kulia tu, wa kushoto bado, na Bwana Lin mwenyewe anasema kazi haijaisha. Jana baada ya chakula cha mchana Mwanatumu alilala chali, bila kuegemea mito, akashikwa na usingizi. Tangu alipopata rovu hakuwa ameweza kulala hivyo. Nilikaa nikamtazama akipumua, mpaka adhana ya alasiri ikanikuta pale pale. Mwambie Levi, kama kuna msumari wowote melini anaoweza kuusahau mahali, tafadhali ausahau. Nahodha nitamwandikia mimi barua ya kumtaka radhi, nzuri kuliko hii. Na yule nguru kweli alikuwa ananuka. Naishia hapa, ananiita kutoka dirishani, na mtaa mzima unasikia. Wacha usikie.