Shikamoo Ninayomdai Eufrazia

Jumatatu, 3 Machi 2014. Lusahunga.
Niseme kabla sijafa: sina miaka sitini na saba. Nina themanini na mmoja. Hata padri hajui. Mwaka 1995 wakimbizi walijaa Ngara. Shirika la chakula likataka watunza ghala wasiozidi miaka hamsini. Mimi mwalimu mstaafu. Nikapaka nywele rangi ya viatu, nikawa na arobaini na minane. Nikapata kazi.

Jumanne, 4 Machi.
Kifua kinabana. Uji umenishinda. Naliwaza ghala lile: harufu ya mahindi na maturubai mapya, malori yakiingia, wapagazi wakiimba Kirundi. Siku tamu zile. Dosari moja tu, msimamizi wetu. Mwanamke, Eufrazia, miaka hamsini na miwili; wasimamizi hawakuwekewa kikomo cha umri. Kwa umri wangu wa bandia ilinibidi nimwamkie. Kila asubuhi, shikamoo dada. Naye, marahaba mdogo wangu. Mtu niliyemzidi miaka kumi!

Jumatano, 5 Machi.
Mpango. Nimemwomba mkwe wangu, Kaneza, amwite Eufrazia kutoka Nyakanazi. Nitamtajia umri wangu halisi. Aniamkie mara moja tu, nife nimeridhika. Kaneza akauliza kama naweweseka. Nikamwambia anyooshe shati jeupe.

Ijumaa, 7 Machi.
Amekuja na mkungu wa ndizi. Nikanyamaza, nikisubiri aniamkie. Naye akanyamaza, akinisubiri. Kaneza akasema uji unapoa. Mwishowe nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe alijua tangu siku ile ya mvua, rangi iliponitiririka hadi kwenye kola. Alinyamaza nisifukuzwe. Tena, akasema, shikamoo zangu zilikuwa tamu kuliko chai.

Kisha akatulia. Akasema yeye hakupata wa kumsitiri. Kuna mtu aliwanong'oneza wakubwa kwamba mama yule amezeeka, na mwanamke hawezi ghala. Wakamwachisha, watoto wake wakaacha shule. Mpaka leo anajiuliza ni nani.

Nikakohoa. Akaniaga: ugua pole, mdogo wangu. Hakuniamkia.

Jumapili, 9 Machi.
Hali mbaya. Kaneza anataka kumwita padri. Nimesema Eufrazia kwanza. Mpango mpya: akiniamkia, nitamtajia yule mnong'onezi. Asiponiamkia, nazikwa na jina lake.

Kiti cha msimamizi kilikuwa na mto laini. Nilikikalia mwaka mzima. Jina lenyewe ni langu.