Historia ya Kanisa Lisilo na Karatasi

Wakaaji wote wa Bukombera, pamoja na wapita njia, walijulishwa rasmi: kuanzia Jumatatu, hakuna jengo litakaloruhusiwa kuwa na historia bila kibali. Ndivyo alivyotangaza Bwana Faustin, Mkuu wa Ofisi ya Umri wa Majengo, na kusema kweli alikuwa amechelewa. Kwa muda mrefu majengo ya huku Masisi yalikuwa yakizeeka kiholela, bila kumwarifu mtu.

Akaanza na kanisa la parokia, kwa sababu ndilo kubwa na halikimbii. Lisipoonyesha karatasi ya kuanzishwa kwake kufikia Jumamosi, litafungwa. Faustin hakuwa na ugomvi na kanisa. Alitaka tu kuhamishiwa Goma, na alisikia kwamba kule hawampokei mtu ambaye hajawahi kufunga kitu.

Mbele ya tume, yaani Faustin na karani wake Magloire aliyeandika kila neno, akaja Mama Adelaïde, mkatekista mzee mwenye shamba la maharage nyuma ya kanisa.

"Papa Chef, hii kanisa sisi njo tuliijenga. Kila mukatekumeni alikuwa analeta tofali moja siku ya mafundisho. Kama hauna tofali, unarudia kwenu. Mimi nilileta makumi ine na tatu, ku kichwa, toka kule ku mutoni."

"Mwaka gani?"

"Ile mwaka maharage ilizaa sana."

"Uko na document?"

"Niko na shingo. Iangalie."

Faustin akaamuru iandikwe kwamba shingo haina stempu. Kisha akasoma uamuzi, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anaonja sambaza, vile visamaki vya ziwani, za Goma. Jengo halina karatasi, kwa hiyo halina historia. Lisilo na historia halijawahi kuwapo. Na yote yaliyofanyika ndani yake, ndoa, ubatizo, hata michango, ni batili.

Magloire akainua kichwa.

"Pardon, Chef. Ubatizo pia?"

"Ubatizo njo ya kwanza!"

"Juu mu dossier yako ya kazi, acte de naissance, ile karatasi ya kuzaliwa, haiko. Ilipotea na archives. Tuliwekaka carte de baptême, ile ya ubatizo. Ya hapa."

Magloire hakuwa mtu wa dhihaka. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akaandika polepole kwamba Mkuu, kwa uamuzi wake mwenyewe, bado hajazaliwa, na kwamba sahihi ya mtu ambaye hajazaliwa haiwezi kufunga hata dirisha. Kanisa likabaki wazi. Faustin akaona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwasha.

"Mama Adelaïde, ulikuwako siku nilibatizwa. Sema basi!"

"Nilikuwako, mwana wangu. Ulilia kabisa. Lakini iko maneno ya kinywa tu, document sina."

Ikabaki njia moja, kuanza upya. Jumamosi Faustin aliketi kwenye benchi la wakatekumeni, kafunga tai, magoti yakigusa kidevu, kati ya watoto wa miaka saba. Mama Adelaïde akamnyooshea kidole na kumuuliza swali la kwanza kabisa la katekisimu.

"Nani alikuumba?"

Faustin akasimama, akakohoa kidogo.

"Dossier yangu bado inashugulikiwa."

Mama Adelaïde akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kaa chini, mutoto. Utarudilia mwaka."