Jinsi Kinyozi Asiyelala Alivyoyakabili Masharubu ya Baba Mkwe

Jongeeni, enyi mlioshiba usingizi, na nyinyi mnaopiga miayo mlangoni! Aketi wa kuketi, asimame wa kusimama, kwa maana leo ninasimulia vita vilivyopiganwa juu ya mdomo wa mtu mmoja, katika uwanja usiozidi upana wa kiganja, hata nyumba nzima ikakaribia kwenda mrama. Nawe Usingizi, sultani mwenye maringo, nipe ulimi. Ila usinifumbe macho kabla sijafika mwisho.

Palikuwa na kinyozi, Simba wa Mkasi, Mnyoosha Mistari, ambaye mbele yake nywele kaidi zilijilaza zenyewe. Lakini mkewe alikuwa amejifungua mapacha, majemadari wawili wasio na meno, waliogawana zamu kwa ustadi: huyu akinyamaza, mwenziwe anashika bendera. Tangu wazaliwe shujaa wetu hakulala, bali alizirai kwa vipindi. Juzi alimpaka mteja dawa ya meno akidhani ni sabuni ya kunyolea, na mteja akaondoka na mashavu yananukia kama mdomo uliosuguliwa vizuri.

Mkewe alikuwa muuguzi, mwanamke asiyezungusha maneno. Asubuhi ya siku ya vita alimshika bega.

“Baba Mapacha, hebu kaa. Fumba macho, ufuate pumzi. Ikiingia, ijue, ikitoka, ijue. Mawazo yakikuvuta, wewe rudi tu.”

“Si nitalala?”

“Ukilala, Mungu akupe nini tena?”

“Na nisipolala?”

“Hutapigana na usingizi, basi. Mtu aliyekosa usingizi akahangaika, anachoka mara mbili. Kutafakari si kitanda, mume wangu, lakini kunakusaidia usianguke.”

Shujaa akaketi. Ikaja pumzi ya kwanza, akaipokea kwa heshima. Ya pili ikaja na nepi zilizoloa. Ya tatu hakuiona kabisa. “Haya ni mambo ya watu wasio na watoto,” akaguna, akaenda zake dukani.

Hakuwa amefuta hata kioo alipoingia baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, Bwana wa Masharubu Mawili. Maisha yake yote mzee huyu aliyapunguza masharubu hayo mwenyewe. Sasa mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, jambo ambalo hakuna mtu aliyethubutu kulitaja mbele yake. Akaketi kitini, akavikwa shuka, akanena kama aliye mbele ya wanafunzi wote uwanjani:

“Mkwe wangu! Masharubu haya yalitangulia kuingia darasani, nami nikafuata. Hayajaguswa na mkono usio wangu. Leo nakukabidhi. Lakini nimekutazama, na sikupendi ulivyo: macho mekundu, shati umeligeuza. Mtu anayelala wima ataleaje watoto? Yakitoka hapa yamepinda, jioni hii namchukua binti yangu na wajukuu wangu, wakae kwangu mpaka akili ikurudie!”

“Nimesikia, baba,” akajibu kinyozi.

Hapa, wasikilizaji, mwoga angejua la kufanya. Kupindisha kidogo tu upande wa kushoto, na nyumba ingekuwa kimya, kitanda kizima kikawa chake! Shetani alimtandikia mpaka shuka. Lakini kinyozi aliwapenda wale wakorofi wawili kupita kiasi, na bega lisilonuka maziwa asingejua alipeleke wapi. Akamfunika mzee taulo la moto, akalitoa, akanyanyua mkasi. Akayaona masharubu manne.

Akaitafuta pumzi yake, asiipate. Ilikuwa imekwisha kukimbia zamani. Na wakati huohuo taulo likafanya kazi yake: mzee akasinzia, akakoroma. Khooo, ikaingia, masharubu yakainama. Fyuuu, ikatoka, yakasimama.

Askari wa kawaida angelia. Unapiganaje katika uwanja unaopanda na kushuka? Lakini Simba wa Mkasi, aliyekosa pumzi yake, aliikamata ya baba mkwe. Ikiingia, akaijua. Ikitoka, akaijua. Wazo la nepi likapita. Akalipisha, akarudi kwenye mkoromo. Kati ya khooo na fyuuu akagundua pana kituo kidogo, kimya kabisa, na papo hapo mkasi ukanena: kacha! Fundi viatu, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi, akasahau kutafuna karanga. Mabega ya kinyozi yakashuka. Masharubu manne yakarudi kuwa mawili. Uchovu ulikuwa uleule, ila sasa ulikaa pembeni bila kumsukuma kiwiko.

Mzee akazinduka. “Sikulala!”

“Nani kasema, mzee wangu?” akauliza fundi viatu.

Mzee akajitazama kiooni, kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Mkono wake ukapanda taratibu, ukitetemeka, ukagusa ncha zilizolingana sawasawa.

“Hata mimi,” akasema kwa sauti ndogo, “sikuwahi kuyafikisha hapa.” Kisha akakohoa, akarudi kuwa mwalimu mkuu. “Wajukuu wabaki kwa baba yao!”

Kinyozi alitaka kujibu kwa hotuba, kama ilivyo ada ya mashujaa. Badala yake akaketi kwenye benchi, akafumba macho aishukuru pumzi. Iliyoingia aliijua mwenyewe. Iliyotoka ilijulikana mtaa mzima.

“Fundi! Zamu yangu!” akapiga kelele fundi viatu.

Mzee akamshika mkono, akamtoa nje, akasimama mlangoni ameziba njia kwa mikono yote miwili.

“Shusha sauti! Huoni mkwe wangu anatafakari?”

Na historia, pamoja na fundi viatu, ikangoja nje kwa adabu.