Nitafute Kazi, Kisipangishwe Chumba cha Redio

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametamka: nisipopata kazi mwezi huu, chumba cha baba kinapangishwa. Chumba cha redio! Humu ndimo marehemu alimotengeneza redio za mtaa mzima, nami nimekaa chini namshikia bisibisi. Kompyuta yangu iko juu ya meza yake, pale palipoungua kwa chuma cha kulehemu. Haiwezekani. Nimejifunza kuandika programu, basi kazi ipo.

Jumanne, 4 Machi
Binamu kaja bila kuitwa. Tunamwita Profesa, kwa miwani na maringo. Kaajiriwa mwaka jana kuandika programu, basi hatupumui. Eti nitengeneze kitu kimoja kidogo, nikimalize, niweze kukieleza mstari kwa mstari. Kimoja! Wivu huo. Kwenye wasifu nimejaza lugha tisa za programu. Mbili nazijua. Nyingine nazisikia tu. Kisha nimetengeneza tovuti ya kazi zangu, nikatuma anwani yake kwa kila kampuni.

Ijumaa, 7 Machi
Kimya. Profesa kaiona ile anwani, kacheka mpaka machozi. Eti inafunguka kwenye kompyuta yangu tu. Wengine wote wameona ukurasa mtupu. Nimemwambia nilikuwa najua.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeitwa kwenye usaili! (Profesa aliniombea nafasi. Tusilikuze.) Bosi, mama wa makamo, akaniuliza kuhusu lugha ya tano kwenye wasifu. Jasho! Nikasema nimeipumzisha. Akauliza kama kuna chochote nilichowahi kukimaliza.

Nikajikuta namsimulia programu niliyomwandikia baba nikiwa shuleni. Unaandika ugonjwa wa redio, inakoroma au imezima kabisa, nayo inakuambia uanze kukagua wapi. Majibu yote alinipa yeye mwenyewe. Hata hivyo kila asubuhi aliiuliza, akasoma jibu kwa sauti, akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Nimemkumbuka baba, jamani. Kumbe zile ndizo zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote, na hakuna aliyeniambia.

Bosi akaacha kuandika. Akasema nirudi Alhamisi na programu hiyo, vilevile ilivyo, nimweleze kila mstari. Nyumbani, mama kamwambia aliyekitaka chumba asubiri kwanza.

Jumatano, 12 Machi
Nimeipata ile programu! Bado inafanya kazi. Profesa kanisihi nisiiguse. Mama naye kaisoma, kajifuta macho, kasema hivyo hivyo ndivyo baba alivyokuwa akiongea na wateja.

Lakini ni fupi mno! Maandishi matupu, maneno ya mzee tu. Mtaalamu haendi kazini na kitu kama hicho. Mchana kutwa nimenakili mistari ya watu mtandaoni, mingi ajabu. Sielewi hata mmoja, ila inang'aa. Ile ya zamani nimeifuta kabisa, isije ikanichanganya mbele ya bosi.

Baba angejivunia.